Minza Mlangoni Mara Tatu

Vijana wa idara ya Kiingereza mliniomba niwaandikie kidogo kuhusu miaka yangu thelathini na minne ya kufundisha, na mmoja wenu akaongeza kwamba ikiwezekana isizidi kurasa chache. Nimelikumbuka hilo ombi la mwisho. Sitaandika nilipanda daraja lini, wala mafao yamefikia wapi, maana hayo yana ofisi zake na foleni zake. Nitaandika kuhusu vitenzi vya wakati uliopita, ambavyo nimevifundisha kuliko kitu kingine chochote maishani, na kuhusu mchana mmoja ambao baadhi yenu mmesikia habari zake nusu nusu. Afadhali mzisikie kwangu.

Siku yangu ya kwanza darasani nilifundisha dakika kumi na mbili, kisha nikaishiwa. Kipindi kilikuwa cha dakika arobaini. Ilikuwa Julai, madirisha hayana vioo, na mnajua upepo wa Ufipa mwezi huo: wanafunzi walikuwa wameingiza mikono ndani ya masweta, hata kuandika hawataki. Niliandika ubaoni go, went, gone. Binti mmoja wa mbele akaniuliza kwa nini go ikienda jana inageuka kuwa went, neno ambalo halifanani nayo hata herufi moja. Nikamwambia ndivyo ilivyo. Darasa zima likaelewa kwamba mwalimu mpya hajui, na lilielewa sawasawa. Dakika ishirini na nane zilizobaki tuliimba.

Aliyeniokoa ni Mwalimu Anselm, mkuu wa idara, mzee wa koti moja la kahawia alilolivaa masika na kiangazi. Alinifundisha kuvunja chaki vipande vitatu kabla ya kuingia darasani ili isilie ubaoni. Alinifundisha kufuta ubao kutoka juu kwenda chini, si kuuzungusha kama mtu anayedeki. Na alinirithisha bango lake. Wengi wenu mmeliona: mifuko minne ya unga iliyoshonwa pamoja, ikapakwa chokaa, ikaandikwa kwa rangi ya mafuta vitenzi sitini katika safu tatu. Tulilitundika kwa waya kwenye kenchi, tukalihamisha darasa hadi darasa miaka yote ile. Panya walikula kona ya chini, ndiyo maana vizazi kadhaa vya shule yetu havina uhakika na vitenzi vinavyoanza na W.

Mwalimu Anselm alikuwa na mbinu moja kubwa. Kila sentensi ya wakati uliopita ilianza na neno moja tu, jana. Yesterday I went. Yesterday she fell. "Mtoto wa huku hawezi kubeba kamusi nzima kichwani," aliniambia. "Mpe mpini wa kushikia." Mpini ulikuwa yesterday. Wanafunzi wetu walieleza kila jambo kama limetokea jana: kuzaliwa kwao, uhuru wa nchi, gharika ya Nuhu. Ilifanya kazi. Waliweza kuandika aya nzima bila kutetemeka, na mimi nikaipokea mbinu hiyo bila kuuliza maswali.

Mbinu yake nyingine ilikuwa mlingoti wa bendera. Mwanafunzi aliyefika mlango wa ofisi ya walimu akizungumza Kiswahili au Kifipa alirudishwa. Hakuchapwa, hakutukanwa. Alikwenda hadi mlingotini, upande wa pili wa uwanja wa paredi, akasimama akiutazama mpaka apate sentensi yake ya Kiingereza, ndipo arudi. Mimi mwenyewe nilipokuwa shule ya msingi nilivishwa kibao shingoni kwa kusema Kifipa, na mwisho wa siku aliyevaa kibao alichapwa. Kwa hiyo mlingoti niliuona jambo la kistaarabu sana. Tulijiona wapole. Kuna mwaka kijana mmoja alitumwa kuomba boksi la chaki, akasimama mlingotini tangu kipindi cha tatu hadi kengele ya chai, darasa lake linamsubiri. Ofisini tulicheka wiki nzima.

Mwalimu Anselm alikubali sentensi yoyote ile, hata iwe imevunjika miguu yote, mradi imekuja. Alipostaafu nikashika idara, nami nikaongeza sharti langu: sentensi lazima iwe sahihi. Ukikosea kitenzi, unarudi tena. Hilo lilikuwa wazo langu peke yangu, hakuna aliyenishauri. Matokeo ya Kiingereza yalipanda kidogo, wathibiti ubora wakatusifu kikaoni, na mimi nikatembea nimeinua kidevu. Naomba mliweke hilo akilini, kwa sababu wapo wanaosema lawama ni za utaratibu. Utaratibu ulikuwa wa mzee. Ukali ulikuwa wangu.

Sasa nije kwa Minza.

Minza alikuja kidato cha kwanza kutoka bondeni, upande wa Ziwa Rukwa. Baba yake alikuwa mmoja wa Wasukuma waliohama na ng'ombe kutoka kaskazini magharibi, wakapata mahali pa kulishia na kulima. Binti mwenyewe alikuwa mrefu, mwenye adabu nyingi, na Kiswahili chake kilikuwa safi kwa sababu alijifunza shuleni kama mtu anayejifunza sala. Kiingereza kilimtesa. Alipanga chumba karibu na shule pamoja na Oresta, binti wa hapa hapa juu. Mama yake Oresta alikuwa mjane aliyelima mahindi na ulezi. Walipika sufuria moja, walilala kitanda kimoja, na mmoja akikosa daftari mwingine alichana lake katikati. Walimu tuliwaita mapacha, ingawa Oresta alikuwa mfupi na mwenye maneno mengi.

Walikuwa kidato cha tatu tulipoambiwa kwamba wageni wa mkoa watakuja kukagua. Mkuu wa shule akataka madarasa yapakwe upya udongo mweupe. Kuna shimo chini ya shule, nyuma ya mikaratusi, karibu na kijito, ambako watu wa kijijini huchimba udongo huo kupaka nyumba zao. Kwa miaka mingi wamechimba kwa kuingia ndani, kwa hiyo shimo lilikuwa na ukuta mrefu ulioning'inia juu ya mchimbaji. Wanakijiji wanajua, hawachimbi baada ya mvua. Sisi tulituma wanafunzi wawili wawili, kwa zamu, siku mbili baada ya mvua kubwa. Mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. Kipindi cha mwisho niliwatuma Minza na Oresta, nikawapa karai moja na jembe moja, nikawaambia waharakishe.

Kengele ya saa tisa na nusu iligongwa, wanafunzi wakatawanyika. Shule yetu ni ya kutwa, na baada ya kengele hiyo uwanja huwa mtupu ndani ya dakika chache tu. Mkuu wa shule alikuwa stoo, nyuma ya jengo, anahesabu viti na mhudumu. Ofisini tulibaki wawili, mimi na Madam Theodora wa Jiografia. Nilikuwa nasahihisha madaftari, na mbele yangu palikuwa na rundo refu la insha zilizoanza na yesterday.

Saa kumi kasoro dakika kumi Minza akatokea mlangoni. Najua saa kwa sababu nilitazama ya ukutani nikakasirika kwamba mtu anakuja kunisumbua. Mikono yake ilikuwa na udongo mweupe hadi kwenye viwiko. Hilo halikunishtua, kwani nilikuwa nimemtuma udongo.

"Mwalimu, samahani, kuna—"

"English," nilisema bila kuinua kichwa.

"Mwalimu, Oresta—"

Nikanyoosha kalamu nyekundu kuelekea nje. Sikuhitaji kusema neno lingine, kila mtoto wa shule ile aliujua mkono ule. Alisimama kidogo, mdomo wazi. Kisha akageuka akakimbia. Madam Theodora akacheka kidogo, "Leo huyo atahamia huko."

Watu huniuliza kwa nini hakupiga kelele. Kwa nini hakusema tu kwa Kiswahili, kwa sauti, litokee la kutokea. Mke wangu aliniuliza, paroko aliniuliza, na nilijiuliza mwenyewe kuliko wao. Jibu ninalo, na halinipendezi. Kwa miaka mitatu nilimfundisha mtoto yule kwamba kwenye mlango ule Kiswahili si maneno. Akizungumza Kiswahili pale, mtu mkubwa hamsikii. Kwa hiyo alipotaka sana kusikiwa, alikwenda kutafuta kitu ninachokisikia.

Kupitia dirishani nilimwona amesimama mbele ya mlingoti, midomo inacheza. Nikasahihisha madaftari mawili. Akarudi akihema.

"Sir, yesterday we goed—"

"Go?" nilisema.

"Go, went, gone, sir."

"Kumbe unajua. Rudi ukaipange upya."

Machozi yalianza kumtoka. Nililiona hilo pia. Nilidhani analia kwa sababu ya kurudishwa, maana waliolia kwa kurudishwa walikuwepo, nami nilikuwa nimejizoesha kutowaonea huruma. Na alisema jana. Nilidhani ameleta masahihisho ya insha. Alikimbia tena kuvuka uwanja, viatu mkononi, na safari hii alikaa muda mrefu zaidi. Nasikia hadi leo kwamba watu wengine wakishikwa na hofu hupata nguvu za ajabu. Minza aliposhikwa na hofu alisahau hata vitenzi alivyovijua, akawa anavitafuta kimoja kimoja, mbele ya nguzo ya chuma, na mwenzake yuko chini ya udongo.

Saa kumi na dakika tano alirudi mara ya tatu. Alisimama wima, mikono ubavuni, akasema sentensi nzima kwa Kiingereza, polepole, bila kosa hata moja: jana tulikwenda shimoni, ukuta ukamwangukia Oresta, akasema nikimbie. Went. Fell. Said. Vyote sawa.

"Good," nilisema.

Nilifurahi. Naliandika hilo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndicho kitu ninachokiona aibu kuliko vyote. Nilisikia vitenzi kwanza. Habari yenyewe ilinifikia baada ya pumzi moja, nikainua kichwa.

"Jana?"

Minza aliniangalia kama anaomba ruhusa. "Sasa hivi, Mwalimu," alisema kwa Kiswahili. "Sasa hivi, yuko kule."

Sikumbuki nilivyotoka ofisini. Nakumbuka Madam Theodora akiligonga bila kukoma gurudumu la gari tulilolitumia kama kengele, na mkuu wa shule akitoka stoo na daftari la viti mkononi. Nakumbuka kwamba nilikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu na nilikimbia mteremko ule nikiwa na viatu vya ofisi, nikaanguka mara mbili. Minza alikuwa mbele yangu. Kila alipogeuka kuhakikisha kwamba namfuata, nilitamani asigeuke.

Oresta alikuwa amefukiwa hadi kifuani. Kichwa na mkono mmoja vilikuwa nje, na kumzunguka palikuwa na alama za vidole vya Minza, alipojaribu kumchimbua kabla ya kuja kwetu. Uso wake ulikuwa mweupe kwa udongo, ni macho tu yaliyokuwa na rangi. Alikuwa hai. Alituona, akasema kwa sauti ndogo sana, "Miguu siisikii." Juu yake kipande kingine cha ukuta kilikuwa na ufa wa kuingia ngumi.

Jembe hatukuthubutu kulitumia karibu naye. Tulichimba kwa mikono, kwa sahani, kwa lile karai. Walikuja wanafunzi waliokuwa bado njiani, wakaja vijana wawili wa bodaboda kutoka barabarani, mmoja akasimama amezuia ule ufa kwa mgongo wake kana kwamba mgongo ungeweza kitu. "Mzee, chimba, usiniangalie mimi," aliniambia. Udongo mweupe ukilowa ni mzito kuliko mnavyodhani. Ukiutoa konzi moja, nusu inarudi. Minza alichimba upande wa pili akiongea na Oresta Kiswahili mfululizo, kuhusu maharage waliyoacha jikoni, kuhusu nani atakwenda kuchota maji, na kila alipotulia Oresta alimwambia, "Endelea."

Ilitimu saa kumi na dakika arobaini tulipomtoa. Tulimlaza kwenye mlango wa darasa la kidato cha pili B tulioung'oa kwenye bawaba zake. Gari la mnunuzi wa mahindi lilikuwa limesimama karibu na geti. Dereva alitupa magunia chini bila kuulizwa, na tukaenda mjini na Oresta kichwa chake mapajani mwa Minza. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba na ngozi yake imekazana, inang'aa. Alianza kusinzia tulipofika Kizwite, mwanzo wa mji.

Hospitalini alitupokea daktari kijana mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka. Aliigusa miguu, akapima presha, akatuuliza swali moja.

"Amebanwa muda gani?"

"Kama nusu saa hivi, Daktari," mkuu wa shule alijibu. "Haikuzidi."

Hakudanganya. Alianza kuhesabu pale aliposikia yeye, pale Madam Theodora alipogonga kengele. Kwa hesabu yake nusu saa ilitosha.

"Nusu saa kweli?" Daktari aliuliza tena. "Nawauliza kwa sababu nyama ikibanwa muda mrefu inaanza kufa. Ukiiachia, sumu yake inaingia kwenye damu, inashambulia figo na moyo. Kama ni nusu saa, natibu mfupa. Kama ni zaidi ya saa, naanza vitu vingine sasa hivi, na natafuta gari la kumpeleka Mbeya."

Nilijua. Niliweza kuhesabu dakika kwa dakika: kengele, mlango, mlingoti, mlango, mlingoti, mlango. Nilijua pia nani mwingine anajua. Madam Theodora alikuwa amebaki shuleni. Minza alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, udongo umemkaukia mikononi. Alisikia nusu saa ikisemwa na hakuinua kichwa.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Nilinyamaza. Si kwa muda mrefu, labda pumzi tano au sita, lakini nilinyamaza nikiwa na akili zangu timamu. Niliwaza kwamba nikisema saa nzima, swali linalofuata ni kwa nini. Niliwaza kuhusu kazi, bodi ya shule, na jina langu mjini ambako kila duka lina mwanafunzi wangu. Niliwaza kwamba labda mfupa ndio tatizo kubwa, na daktari ataona mwenyewe. Daktari alikuwa ameshageuka kumwambia nesi alete vifaa vya kufungia mguu.

"Si nusu saa," nilisema.

Mkuu wa shule akanitazama. Daktari akageuka.

"Muulize huyu," nikasema. "Yeye alikuwepo. Minza, simama. Mweleze Daktari tangu ukuta ulipoanguka."

Minza alisimama. Akaweka mikono ubavuni. Alinitazama mimi, si daktari.

"Sir," alianza, "yesterday we went—"

Nesi akakunja uso. Mkuu wa shule akainamisha kichwa. Nikashika ukingo wa kitanda. Oresta alikuwa amelala mbele yetu, daktari amesimama anasubiri, na mtoto yule bado alikuwa anatafuta kitenzi kwa ajili yangu.

"Kiswahili, mwanangu," nilimwambia. "Au Kisukuma, tutamtafuta mtu. Sema unavyoweza."

Akasema. Maneno yalimtoka mfululizo, hakuna aliyemkatiza. Ukuta ulianguka kengele ya saa tisa na nusu ikiwa inalia, aliisikia. Alichimba kwa vidole mpaka Oresta akamwambia aache, akimbie. Alifika ofisini. Hapo akasita, akanitazama, nikamalizia mwenyewe. Nilimwambia daktari kwamba alifika kwangu saa kumi kasoro dakika kumi, kwamba nilimrudisha mara mbili, na kwamba nilipoinuka kitini ilikuwa saa kumi na dakika tano. Nilimwambia sababu. Daktari alihesabu kwa midomo.

"Saa moja na dakika kumi," alimwambia nesi. "Acha hiyo. Niletee dripu mbili, za kwenda kasi. Weka mpira wa mkojo. Mpigie dereva wa ambulensi." Mkojo ulipotoka ulikuwa na rangi ya chai ya mkandaa, nyeusi isiyo na maziwa.

Mama yake Oresta alifika jua halijazama, kwa bodaboda, kanga imefungwa juu ya nguo za shamba. Mkuu wa shule alitaka kuzungumza naye kwanza, kwa utaratibu. Nilimwomba aniachie mimi. Nilimkalisha kwenye benchi la nje nikamweleza kwa Kifipa, kwa kuwa ndiyo lugha yetu sote wawili, na nikagundua kwamba katika Kifipa hakuna mahali pa kujificha. Kwa Kiingereza ningesema utaratibu wa lugha ya kufundishia. Kwa Kiswahili ningesema kulitokea ucheleweshaji. Kwa Kifipa nilimwambia mtoto wa watu alikuja kuniita nikamfukuza, akaja tena nikamfukuza tena.

Alisikiliza hadi mwisho. Hakulia, hakupandisha sauti.

"Kwa hiyo alikuwa anasema," akasema taratibu, "na wewe unasahihisha."

"Ndiyo, mama."

Alifungua na kufunga fundo la kanga. Nilingoja matusi. Ningeyapokea vizuri, yangenipunguzia. Badala yake alinyanyuka, akaingia wodini, akanivuta kwa mkono wa shati hadi kwenye kiti kilichokuwa pembeni ya kitanda.

"Kaa hapa," aliniambia. "Mimi nakwenda kumwosha yule binti udongo na kumpa chakula, hajala tangu asubuhi. Huyu akifumbua mdomo, akisema chochote, hata neno lisiloeleweka, unisikilizie. Kisha uniite."

Mengine mnayajua. Gari la kwenda Mbeya lilikosa dereva hadi asubuhi. Mguu wa kushoto ulikatwa huko, juu ya goti. Figo zilipona, na daktari kijana alinieleza baadaye, bila kunisifu, kwamba dripu zile zingeanza usiku badala ya jioni, asingekuwa na mgonjwa wa kumpeleka popote. Bodi ilinipa barua niliyostahili. Utaratibu wa mlingoti niliufuta mwenyewe mbele ya paredi, kwa Kiswahili, na Minza alikuwa mstari wa nyuma akitazama miguu yake. Nilimwomba msamaha siku hiyo hiyo. Alinijibu, "Hakuna shida, Mwalimu," kwa haraka ile ya mtu anayetaka kuondoka. Nimeishi na jibu hilo na sina lingine.

Lakini nilipokaa kwenye kile kiti, hayo yote tulikuwa hatuyajui. Kulikuwa na dripu inayodondoka na mtoto asiyefumbua macho. Nilikaa nimeinama, sikio langu karibu na mdomo wake, nikisikiliza kama sijawahi kusikiliza darasani hata siku moja. Nesi alinipa uji sikuunywa, niliogopa kijiko kisigonge bakuli. Kulipokucha midomo yake ikacheza. Haikuwa sentensi. Ilikuwa nusu ya neno, la Kifipa, na nusu nyingine sikuisikia kabisa.

Nikasimama nikamwita mama yake.